Enameli nyeupe kwenye bodi ya 1/24: thina ipi, na nisubiri muda gani kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine?

Milia_Bluu

Wakuu, habari za kazi. Nina modeli ya plastiki ya gari Shelby GT350 ya mwaka 1965, skeli 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi). Bodi imeshaoshwa, imepigwa msasa na praima (rangi ya msingi) ya kijivu, na sasa imefunikwa kwenye boksi inasubiri rangi. Gari hili mwaka ule lilitoka kwa rangi moja tu, nyeupe ya Ford iitwayo Wimbledon White, na aliyetaka aliwekewa milia miwili mipana ya bluu, Guardsman Blue, kutoka puani hadi mkiani. Ndivyo ninavyotaka liwe.

Nimechagua enameli kwa makusudi. Ford enzi zile walikuwa wanapiga enameli na kuioka kwenye tanuri, na mng'ao wake ni mzito, una unene fulani wa macho ambao sijauona kwenye rangi nyingine. Kwa gari hili naona ndiyo rangi yake ya haki.

Vifaa: brashi ya hewa ya kifyatulio cha hatua mbili (unabonyeza kupata hewa, unavuta nyuma kupata rangi), sindano ya 0.3 mm, kompresa yenye tangi, geji na chujio la maji. Nimeanza na vijiko vya plastiki kabla ya kugusa bodi. Kijiko cha kwanza nilichanganya rangi na waiti spiriti kama thina (kimiminika cha kuzimua rangi) nusu kwa nusu, hewa psi 20 (kipimo cha shinikizo), umbali kama sentimita 12. Rangi ililala vizuri sana, ikang'aa, halafu ikaanza kuteremka polepole na kujikusanya nchani. Kijiko cha pili nikatumia thina ya laka (aina nyingine ya rangi, inayokauka haraka), kipimo kilekile, hewa ileile, umbali uleule. Hakuna kilichoteremka, ila kimekauka kikiwa na chengachenga. Ukipitisha kidole unahisi msasa laini.

Naombeni msaada kwa mambo matatu. Thina ipi? Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine nisubiri muda gani? Nimesoma dakika kumi mahali pamoja na siku mbili mahali pengine, na wote wanaongea kwa uhakika. Na utepe wa kuchorea milia nibandike lini bila kuiharibu nyeupe?

Laka_Tu

Mkuu, kwa nyeupe mimi ningeachana na enameli. Inabaki mbichi muda mrefu, kila unyoya unaopita hewani unatua juu yake, na nyeupe yake ikikaa gizani inaelekea unjano. Laka unapiga asubuhi na jioni unabandika utepe.

Ukiamua kuendelea nayo, badilisha angalau praima. Kijivu chini ya nyeupe kitakudai rangi nyingi mno hadi kizimike, na kila unachoongeza kinajaza mistari ya milango. Weka praima nyeupe juu ya hiyo kijivu, isugue kidogo kwa msasa wa maji namba 1500, ndipo uanze.

Fundi_Taratibu

Mkuu Milia_Bluu, vijiko vyako vimeshajibu nusu ya swali. Vyote viwili vinasema jambo moja: kila thina inataka mwendo wake, nawe umezipa zote mwendo mmoja. Na kuhusu praima nyeupe nakubaliana kabisa na mkuu Laka_Tu. Kuhusu kuiacha enameli, hapana, kwa heshima zote.

Enameli inakauka kwa hatua mbili, na mtu akishalielewa hilo mabishano mengi ya dakika kumi na siku mbili yanakwisha. Hatua ya kwanza ni kiyeyushi kuruka hewani, rangi ikabaki imeshika. Hatua ya pili ni resini yenyewe kuchukua oksijeni ya hewani na kujifunga taratibu kutoka juu kwenda chini. Hii ya pili ndiyo inayochukua siku, na rangi ikiwa nene inachukua wiki. Laka haina hatua hiyo. Kiyeyushi chake kikitoka, kazi imekwisha. Ndiyo maana laka unaipiga tena wakati wowote, na enameli haikubali.

Sasa vijiko. Waiti spiriti inaruka polepole. Tone linafika kwenye plastiki likiwa bichi kabisa, linaungana na jirani yake, uso unajinyoosha wenyewe kama kioo. Hilo ndilo tunalolitafuta. Lakini ukiweka nyingi kwa mkono mmoja, ubichi uleule unaoinyoosha ndio unaoiteremsha. Thina ya laka nayo inaruka haraka mno. Kwa psi 20 na sentimita 12, sehemu kubwa yake imeshatoka kabla tone halijafika, kwa hiyo linatua likiwa nusu kavu na kubaki kama lilivyotua. Ungesogea hadi sentimita 7 na kushusha hewa hadi psi 15, kijiko cha pili kingekuwa kingine kabisa. Kumbuka pia kwamba thina ya laka inakula plastiki pale praima ilipokuwa nyembamba, hasa kwenye kingo ulizozipiga msasa, na baadhi ya enameli hazielewani nayo, zinaganda vipandevipande kikombeni. Jaribu kila mara kwenye kikombe kidogo kabla ya kumimina kwenye brashi.

Mimi ninafanya hivi: mikono miwili ya mwanzo natumia nafta, ambayo inaruka haraka kuliko waiti spiriti lakini haina ukali wa laka. Mkono wa mwisho, ule wa kulowesha, ninarudi kwenye waiti spiriti ili rangi ipate muda wa kujinyoosha. Kwa mwanzo mikono inashika, kwa mwisho inalala.

Kipimo cha nusu kwa nusu ni pa kuanzia tu, kwa sababu kopo jipya na kopo lililofunguliwa zamani havina uzito mmoja. Koroga, kisha ipandishe rangi kwa kijiti kwenye ukuta wa kikombe. Ikiteremka kama maziwa na kuacha utando mwembamba nyuma yake, ipo tayari. Ikiacha alama nzito, ongeza thina kwa matone. Ikiteremka bila kuacha chochote, umezidisha, nayo itakimbia kwenye kingo na kuacha plastiki wazi.

Nyeupe ina mambo yake. Chembe zake ni nzito na zinazama chini ya kopo zikawa kama udongo. Koroga kwa kijiti kipana ukikwangua chini, na usitikise kopo, maana viputo vya hewa vinabaki kwenye rangi hadi kwenye bodi. Kisha chuja kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Na Wimbledon White si nyeupe ya karatasi. Ina ukremu ndani yake. Tia matone machache ya njano iliyoelekea kahawia kwenye nyeupe yako, ulinganishe na picha nzuri ya gari halisi. Changanya ya kutosha kazi nzima na akiba juu yake, kwa sababu hutaipata tena ileile. Hapo hata hofu ya unjano inapungua: gari lenyewe lilizaliwa na ukremu, na modeli ikikaa kabatini penye mwanga wa mchana inabadilika kidogo sana kuliko iliyofungiwa kwenye boksi.

Kuhusu unene, tafadhali piga hesabu hii. Rangi yote ya gari halisi, kuanzia praima hadi juu, ni takribani maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Igawe kwa 24 unapata kama maikroni 4 hadi 6. Hakuna brashi ya hewa itakayokupa nyeupe inayofunika kwa unene huo, kwa hiyo siku zote modeli yako imevaa koti nene kuliko inavyostahili. Kwa sababu hiyo, kabla ya rangi, pitisha mgongo wa kisu kwenye mistari ya milango, boneti na buti uichimbe kidogo zaidi. Ukiiacha kama ilivyotoka kwenye kalibu, mkono wa tatu utaifunga, na bodi iliyofungwa mistari haina tena milango, ni sabuni tu.

Mwendo wenyewe: hewa psi 15 hadi 18. Anza na pembe zilizojificha, yaani ndani ya kingo za matairi, chini ya bampa, nguzo za madirisha, maungio ya milango. Ukiziacha za mwisho, utalazimika kuzipulizia wakati paa limeshalowa, na vumbi la rangi litatua juu yake likaharibu mng'ao. Baada ya hapo paa, boneti na buti, mwisho ubavu. Fungua hewa nje ya bodi, pita juu yake, funga rangi ukiwa umeshatoka upande wa pili. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wako uende sambamba na uso wa bodi; wengi wanazungusha kifundo kama wanafagia, na katikati kunapata rangi nyingi kuliko kando.

Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, praima ionekane bado. Usubiri dakika kumi hadi kumi na tano, hadi kijiko ulichokipulizia sambamba na bodi kikiguswa kinang'ang'ania kidole bila kuacha rangi. Mkono wa pili uzidi kidogo, ufunike karibu yote. Subiri tena vilevile. Mkono wa tatu ndio wa kulowesha: sogea hadi sentimita 8, punguza kasi, na usiondoke kwenye paneli hadi iwe imelowa yote.

Hapo ndipo unaacha. Mikono yote mitatu iwe imeingia ndani ya saa mbili hivi. Ukiona doa saa sita baadaye ukasema uliguse kidogo, rangi mpya itapeleka kiyeyushi chini ya ngozi iliyoanza kujifunga, ngozi itavimba, na bodi nzima itakunjamana. Aidha ndani ya saa mbili za mwanzo, wakati yote bado ni kitu kimoja, au baada ya siku mbili kamili. Na kama ulipiga nzito, subiri zaidi ya hapo. Kwa hiyo waliokuambia dakika kumi na waliokuambia siku mbili wote wamesema kweli, ila kila mmoja amekupa nusu yake.

Milia_Bluu

Mkuu Fundi_Taratibu, asante sana. Hesabu ya maikroni imenifanya nichukue kisu mara moja. Mistari ya milango ilikuwa haifiki hata nusu ya kina ninachokitaka.

Mawili yamebaki. Kwenye nyeupe sioni nilipolowesha na nilipokosa. Bluu au nyekundu inaonekana mara moja, nyeupe juu ya praima nyeupe macho yanapotea. Na milia: utepe lini, na nifanyeje rangi isipenye chini ya utepe? Nimeona wengine wanapiga vanishi juu ya kila kitu mwishoni. Ni lazima?

Pua_Safi

Kabla hamjafika kwenye milia, nina la kusema kuhusu hewa anayoivuta ndugu yetu, maana uzi umefika hapa hakuna aliyeligusa.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Inazuia chembe za rangi, lakini nafta na waiti spiriti zinapita kama haipo. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa ogani pamoja na kichujio cha chembe mbele yake. Kwa alama za Ulaya vichujio hivyo vina mstari wa kahawia na herufi A. Kwa alama za Marekani ni rangi nyeusi. Ukianza kusikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha au barakoa haijakaa sawa usoni. Usipuuze hilo kwa sababu umebakiza paneli moja.

Kibanda cha kupulizia kiwe na feni inayotoa hewa nje, na mota ya feni isikae kwenye njia ya mvuke, kwa sababu cheche yake inatosha kuuwasha. Moto wowote, hata taa ndogo ya pailoti ya jiko la gesi, uwe umezimwa. Vitambaa vilivyolowa enameli vitandaze vikauke hewani, usivirundike kwenye pipa; rangi zinazojifunga kwa oksijeni hutoa joto zikifanya hivyo, na kwenye rundo joto halina pa kutokea.

Na brashi isafishe palepale. Enameli iliyokauka ndani ya pua ya brashi haitoki kwa thina yake tena. Pitisha waiti spiriti hadi itoke safi, kisha thina kali kidogo, chomoa sindano uifute kutoka nyuma kwenda nchani. Angalia vizibo vya mpira ndani ya brashi yako: vya mpira wa kawaida vinavimba kwa thina ya laka, vya tefloni havina shida.

Fundi_Taratibu

Asante mkuu Pua_Safi, hayo nilipaswa kuyatanguliza.

Kuona ulowaji kwenye nyeupe: acha kutazama rangi, tazama taa. Weka taa moja chini, upande wa pili wa bodi, mwanga uje kwako ukiteleza juu ya paneli. Palipo pakavu mwanga unatawanyika na kuwa na ukungu. Palipolowa unaiona taa yenyewe, kingo zake zimekatika safi. Unapopita na brashi utauona mpaka kati ya hizo mbili ukisogea mbele yako. Fuata huo mpaka. Ukiona taa inaanza kuyumba kwenye paneli, umefika mwisho wa kinachobebeka. Pita mbele hapohapo.

Utepe. Kanuni yangu ni pua. Nusa bodi kwa karibu: ikiwa bado inanuka rangi, bado inajifunga, na utepe utaacha alama. Mara nyingi ni wiki moja, pengine mbili kukiwa na unyevu au baridi. Ukiwa na kikaushio cha umeme kinachodhibitiwa joto, nyuzi 40 za Selsiasi kinaharakisha sana, lakini usipandishe zaidi ya 45. Plastiki ya bodi inaweza kupinda kabla hata ya kulainika, na nguzo nyembamba za madirisha ndizo zinazotangulia. Kile kijiko ulichokipulizia pamoja na bodi ndicho cha kuteswa: kibandikie utepe usiku kucha, kikandamize kwa ukucha. Kikitoka bila alama, bodi iko tayari.

Kwa milia, anza katikati ya gari. Bandika utepe mwembamba kwenye mstari wa katikati kuanzia grili, boneti, paa, hadi buti. Huo ndio upenyo mweupe kati ya milia miwili. Kila kipimo kingine kitoke kwenye huo. Ukianza kwa kingo za nje, kosa dogo la upande mmoja utaliona hadi mwisho wa maisha ya modeli, kwa sababu jicho linaona ulinganifu kuliko linavyoona rangi. Kandamiza kingo za utepe kwa kijiti laini, hasa panapokutana boneti na kioo, na ndani ya kila mstari wa paneli.

Kisha puliza ukungu wa nyeupe ileile uliyoiweka akiba juu ya kingo za utepe. Kama kuna upenyo, itakayopenya ni nyeupe juu ya nyeupe, na itauziba. Ikishika, piga bluu kwa nafta, mikono miwili myembamba. Usiloweshe hapa, rangi ikilowa kando ya utepe inapanda kama ukuta. Bluu inafunika vizuri, haihitaji zaidi. Vua utepe wakati bluu bado inanata kidogo, ukiukunja nyuma juu yake wenyewe, kwa pembe kali, polepole. Ukingoja ikauke kabisa, ukingo unakatika kwa meno.

Vanishi si lazima, na kwa gari hili mimi ningeiacha. Enameli ya kung'aa haihitaji kitu juu yake. Vanishi ya enameli inageuka njano, na juu ya nyeupe utaiona kabla ya kitu kingine chochote. Vanishi ya laka juu ya enameli ambayo haijajifunga hadi chini inaikunja bodi yote ndani ya dakika. Laka chini na enameli juu haina tatizo, kinyume chake ndicho hatari. Ukitaka kulinda stika za nembo ubavuni, tumia vanishi ya akriliki ya maji, kwa ukungu mwepesi, baada ya harufu kuisha kabisa.

Chengachenga au vumbi vikibaki, vipo vya kuondoa. Subiri wiki tatu, kisha anza na kitambaa cha kung'arishia cha namba 4000 ukitumia maji na tone la sabuni, panda hadi 8000 na 12000, malizia na polishi laini isiyo na silikoni. Kwenye kingo za boneti na za milango usiguse kabisa. Bandika utepe juu yake kabla ya kuanza, kwa sababu rangi huwa nyembamba zaidi pale na praima itatokea kwa mipito michache tu. Ukingo wa milia nao upite kwa urefu wake, usiukate kwa kukingama, maana bluu itavutwa juu ya nyeupe.

Laka_Tu

Hapo kwenye vanishi ya laka juu ya enameli sina la kupinga. Nimeona bodi nzuri ikikunjamana kwa vanishi tu.

Milia_Bluu, nyongeza moja kuhusu vumbi. Kabla ya kupulizia, ifute bodi kwa kitambaa kinachonata halafu uiache dakika kadhaa bila kuigusa, kwa sababu plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli na kuvuta nywele zote zilizo karibu. Nyunyiza maji sakafuni, usivae sufu, na ukimaliza mkono wa tatu ifunike kwa boksi ambalo ndani umelipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Boksi liachiwe upenyo mdogo chini. Kama alivyosema Fundi_Taratibu, enameli inahitaji oksijeni ili ijifunge. Ukiifungia kabisa itachelewa.

Milia_Bluu

Nimepata nilichokuja kutafuta. Praima nyeupe naipiga leo baada ya kuchimba mistari, na kijiko cha tatu kitakuwa nafta mara mbili na waiti spiriti mwisho, psi 16, taa ikiwa chini upande wa pili. Nyeupe nitaichanganya kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko ili ibaki ya kuzibia utepe. Barakoa yangu ni ya vumbi, kwa hiyo bodi haitaguswa hadi nipate yenye kichujio cha A.